Sataranji, Kompyuta na Barua Yangu ya Ushemasi

Barua ya kuomba daraja ya ushemasi huandikwa kwa mkono. Si desturi ya nyumba yetu tu, ni Sheria ya Kanisa. Kanoni ya 1036 inamtaka mwombaji alete tamko aliloliandika kwa mkono wake mwenyewe na kulitia sahihi, akikiri kwamba anaipokea daraja kwa hiari na uhuru wake, na kwamba atajitoa daima kwa utumishi wa Kanisa. Haichapwi kwa kompyuta wala hainakiliwi kwa mwenzako. Yangu mimi ilikaa wiki sita ndani ya kitabu cha Masifu ikiwa na tarehe na anwani ya askofu, na chini yake hakuna neno hata moja.

Napenda kueleza jinsi karatasi ile ilivyopata maneno. Katika habari hiyo itabidi niitaje kompyuta inayocheza sataranji, na naomba msomaji anivumilie, maana ndipo mambo yalipoanza kufunguka.

Baba yangu alifariki mwishoni mwa mwaka wangu wa pili wa teolojia. Mimi ndiye kifungua mimba. Nyuma yangu wapo wadogo zangu watatu, na wa mwisho wakati huo alikuwa kidato cha pili. Kwetu ni Mbinga, na riziki yetu ni kahawa. Siku ya tatu baada ya mazishi baba mkubwa alinivuta pembeni, nyuma ya nyumba, akaniambia kwa upole, "Frateri, nyumba hii sasa inakutazama wewe." Hakuongeza neno. Nilirudi seminarini na sentensi hiyo, na kila nilipoishika kalamu ilinijia.

Nikaanza kuhesabu. Nikiomba ushemasi, mwakani nitapadirishwa, askofu anaweza kunipeleka parokia ya mbali, na posho ya padre wa jimbo haiwezi kulipa ada ya mtoto na dawa za mama kwa pamoja. Nikitoka, nitakuwa na umri wa miaka 29 bila cheti cha kazi yoyote, nitaanza kufundisha kwa kujitolea, na mama atakuwa na mtoto nyumbani lakini hatakuwa na padre. Nikitoka na mama akaugua kwa aibu? Nikibaki na mdogo wangu akaacha shule? Kila jibu lilizaa maswali mawili, na kila swali majibu matatu. Nililala nikihesabu, nikaamka nikihesabu, na hata wakati wa tafakari ya asubuhi, mbele ya Ekaristi, nilikuwa nahesabu.

Jumamosi moja jioni, wakati wa mapumziko, frateri mwenzangu aliniita kwenye chumba cha kompyuta. Hapa kwetu drafti ndiyo inayotawala mapumziko, na bao lina wazee wake. Sataranji, ambayo wengi tunaiita chesi, ina wachezaji wachache, nami ni mmoja wao, mchezaji wa kawaida tu. Huwa nawaambia wenzangu wa bao kwamba sisi ni ndugu zao waliogeuzwa: bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, sataranji ina vyumba 64 na vipande 32.

"Njoo ucheze na hii," akasema. "Inakuonyesha inavyowaza."

Programu yenyewe inaitwa Thinking Machine, kazi ya Martin Wattenberg na Marek Walczak. Waliitengeneza kama kazi ya sanaa, si kwa lengo la kuwashinda mabingwa, na uchezaji wake unatumia mbinu za msingi zinazojulikana tangu zamani. Wewe unacheza na vipande vyeupe, yenyewe ina vyeusi. Unasogeza kipande chako, kisha unasubiri. Hapo ndipo macho yanapopata kazi. Badala ya kompyuta kunyamaza na kukuletea jibu, ubao unaanza kuchorwa mistari iliyopinda kama nyuzi, mmoja baada ya mwingine. Wa rangi ya machungwa ni hatua ambayo programu inafikiria kuichukua. Wa kijani ni hatua inayodhani wewe utamjibu nayo. Tena machungwa, tena kijani. Katika sekunde chache ubao wote unafunikwa na maelfu ya nyuzi zilizopishana, mahali pengine hafifu, mahali pengine nzito kama kitanzi cha kamba. Kisha nyuzi zinatoweka, na kipande kimoja cheusi kinasogea chumba kimoja.

Nilicheza mara tatu jioni ile. Mara ya tatu sikuwa nacheza tena. Nilikuwa nasogeza askari yeyote ili tu niione ikiwaza.

Kwa wasioujua mchezo huu, nieleze kidogo kinachofanyika nyuma ya nyuzi zile. Mwanzoni mwa mchezo mwenye vyeupe ana hatua 20 anazoweza kuchagua. Mwenye vyeusi naye ana 20 za kujibu, hivyo baada ya kila mmoja kucheza mara moja zipo njia 400. Weupe wakicheza tena, njia zinakuwa 8,902. Weusi wakijibu, zinakuwa 197,281. Na hapo kila mmoja amecheza mara mbili tu! Mwaka 1950 Mmarekani Claude Shannon alichapisha makala kuhusu namna ya kuifundisha kompyuta sataranji, na humo alikadiria kwamba michezo inayowezekana ni 1 ikifuatwa na sufuri 120. Hakuna mashine itakayoimaliza. Kwa hiyo ni lazima mashine iishie mahali fulani, itazame ubao ulivyo hapo, na kuupa alama. Shannon alipendekeza alama za kuanzia: malkia 9, ngome 5, askofu 3, farasi 3, askari 1. Mfalme alimpa 200, kwa kuwa akipotea yeye mchezo umekwisha. Frateri mwenzangu aliposikia kwamba askofu ana thamani sawa na farasi alicheka mpaka akafunga mdomo kwa mkono, akaniomba nisilirudie jambo hilo mezani.

Lipo jambo jingine lililonikumbusha nyumbani. Ili isipoteze muda, mashine hupogoa. Tuseme imeshapata hatua moja ambayo ni salama. Inapochunguza hatua ya pili ikakuta jibu moja tu la mpinzani linaloifanya hatua hiyo kuwa mbaya kuliko ile ya kwanza, haina haja ya kutazama majibu mengine. Tawi lote linakatwa. Baba alikuwa akifanya hivyo kwenye mibuni kila baada ya mavuno, bila huruma, akisema tawi lisilozaa linakula cha lenye kuzaa. Mimi nilikuwa na mti wenye matawi mengi kuliko mibuni yake yote, na sikuwa nimekata hata moja.

Usiku ule nilikwenda kanisani baada ya sala ya kufunga siku. Nilikaa benchi la nyuma, na kwa mara ya kwanza niliuona uwazaji wangu kama picha. Niliziona nyuzi zangu za wiki zote zile zimefunika kila kitu, na chini yake sikuweza tena kuuona ubao. Hilo lenyewe lilinipa nafuu kidogo, kama mtu aliyeumwa muda mrefu akaambiwa ugonjwa wake una jina.

Nikazitazama vizuri zaidi. Nikaona mambo mawili ambayo sikuyapenda.

La kwanza ni lile ambalo wataalamu wa mchezo huu wanaliita tatizo la upeo wa macho. Mashine inayotazama hatua chache tu mbele, ikiona hasara inakuja, hucheza hatua za kuchelewesha. Inatoa askari sadaka hapa, inamtishia mfalme pale, mpaka hasara inasukumwa nje ya upeo wake. Kwa kuwa haiioni tena, inadhani imeikwepa. Kumbe hasara iko palepale, na askari wamekwisha. Mimi nilikuwa nimekwenda mara mbili kwa Gombera kuomba niongezewe muda. Alinipa mara zote mbili. Nilitoka ofisini mwake nikiwa na amani ya siku tatu, nikaiita amani ya Roho Mtakatifu. Haikuwa hiyo. Nilikuwa nimesukuma barua nje ya upeo.

La pili lilikuwa zito zaidi. Mashine haiwezi kujua mpinzani wake atacheza nini. Kwa hiyo inafuata kanuni moja kali: ihesabu kwamba upande wa pili utachagua kila mara jibu litakaloiumiza zaidi, halafu ichague hatua ambayo, hata hivyo, haitaiharibia sana. Kwenye sataranji kanuni hiyo ni ya haki, kwa kuwa mpinzani anataka kweli kukushinda. Nyuzi za kijani nilizoziona jioni ile zilikuwa mimi, lakini mimi kama adui. Programu ilikuwa imenifikiria vibaya kwa kila hatua, na ilikuwa sahihi kufanya hivyo.

Sasa, kwenye ubao wangu, nani alikuwa upande wa kijani? Nilipojiuliza hivyo, benchi lilinichoma. Alikuwa mama yangu. Katika kila tawi nililolihesabu, mama alichagua jibu baya kuliko yote: alilia, aliugua, alikaa kimya, aliniambia nimemtupa. Walikuwapo wadogo zangu, wote wakiacha shule. Alikuwapo askofu, akinipeleka mbali kwa makusudi. Na kama nitasema kweli yote, alikuwapo Mungu, akisubiri nikosee. Nilikuwa nimewaweka watu wanaonipenda upande wa pili wa ubao na kuwachezea hatua zao bila kuwauliza.

Kesho yake nilikwenda kwa mlezi wangu wa kiroho. Nilimweleza yote, hata habari ya nyuzi. Ni mzee wa maneno machache, na sidhani kama amewahi kucheza sataranji. Alisikiliza, kisha akafungua Injili ya Luka, sura ya 14, akanitaka nisome habari ya mfalme anayekwenda vitani na watu 10,000 dhidi ya mwenye watu 20,000.

"Yesu anamlaumu kwa kuhesabu?" akaniuliza.

"Hapana, padre."

"Na akiona hawezi, anafanya nini?"

Nilisoma tena. Anatuma wajumbe, yule mwingine angali mbali, kuuliza masharti ya amani.

"Haya," akasema. "Yule ana adui wa kweli, na bado anatuma wajumbe. Wewe una mama. Umemtuma nani?"

Nilikaa kimya. Akaniambia nikasome Mtakatifu Thoma wa Akwino anapoeleza sehemu za busara, katika Summa. Nilikuwa nimeisoma kwa ajili ya mtihani, nikapata alama nzuri, nikaisahau. Thoma anasema kwamba mambo ambayo busara inashughulika nayo ni ya aina nyingi zisizo na mwisho, na mtu mmoja hawezi kuyazingatia yote peke yake, wala kwa haraka. Ndiyo maana miongoni mwa sehemu za busara anaweka utayari wa kufundishwa, hasa na wazee. Yaani mtakatifu huyu wa karne ya 13 alijua habari ya zile sufuri 120. Njia ni nyingi mno, hilo linajulikana. Lakini dawa aliyoitoa haikuwa kuhesabu kwa kasi zaidi. Alisema, uliza.

Wiki mbili baadaye nilipata ruhusa ya kwenda nyumbani kwa siku nne. Nilimkuta mama anaanika kahawa. Tangu nilipoingia seminari kuu alikuwa ananiita frateri hata tukiwa wawili tu jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, frateri. Mbona umekonda?"

Usiku, wadogo zangu walipolala, nilimwambia yote. Nilimwonyesha hata daftari nililoandika hesabu zangu. Alilishika karibu na taa, akalipindua kurasa polepole, kisha akalifunga na kuliweka juu ya mapaja.

"Baba," akasema, na ilikuwa miaka mingi hajaniita hivyo, "umenihesabia mpaka chumvi. Kwa nini hukuniuliza?"

Kisha akanieleza mambo ambayo hayakuwa kwenye tawi langu lolote. Nusu ya shamba alikuwa amekubaliana na mjomba walilime kwa kugawana mavuno. Mdogo wangu anayenifuata alikuwa ameamua mwenyewe kubaki nyumbani na kusimamia mibuni, si kwa kukosa ada, bali kwa kuwa anaipenda kazi ile. Na baba mkubwa, yule wa sentensi moja, alikuwa amemwambia mama kwamba alichotaka kusema siku ile ni kwamba nyumba nzima inanitazama nisivunjike moyo. Wiki zote zile nilikuwa nimeijenga hesabu yangu juu ya maneno ambayo sikuyaelewa.

Lakini mama hakunirahisishia yote. Ada ya mdogo wa mwisho, alisema, hajui itatoka wapi ifikapo kidato cha tano. "Na siku ukilala kifudifudi mbele ya askofu nitalia," akasema. "Usije ukadhani nalia kwa furaha tu. Nitalia pia kwa sababu baba yako hayupo, na kwa sababu wajukuu wangu wa kwako sitawaona. Lakini kulia si kukukataza."

Ndugu msomaji, nimewaza sana tangu hapo kuhusu tofauti kati yangu na programu ile. Wengi huitafuta tofauti hiyo kwenye uwezo, na huko tumekwisha kushindwa. Mwaka 1997, mjini New York, kompyuta ya Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia, Garry Kasparov, kwa pointi 3.5 kwa 2.5, ikichunguza nafasi kama milioni 200 kwa sekunde moja. Hakuna kuhesabu kwangu kutakakofika huko. Lakini Thoma, anapouliza kama wanyama wana hiari ya kuchagua, anatoa mfano wa saa. Mwendo wake una mpangilio mzuri, kana kwamba saa ina akili, lakini akili ile ni ya fundi aliyeitengeneza. Nadhani nyuzi za machungwa ni hivyo pia. Ni akili ya Shannon na ya wengi waliomfuata, imepangwa vizuri mpaka inapendeza kuitazama. Na hati ya Vatikano ya Januari 2025, Antiqua et nova, inatukumbusha tofauti ya kale ambayo sisi wanafunzi wa falsafa tunaijua: kuna akili inayokwenda hatua kwa hatua, na kuna akili inayouona ukweli na kutulia ndani yake. Ya kwanza nilikuwa nayo kwa wingi. Ya pili nilikuwa sijaipa nafasi hata ya kukaa.

Lipo na hili. Mashine ikishindwa haipotezi kitu. Unabonyeza, vipande vinarudi mahali pake, mchezo unaanza upya. Mimi nikiweka sahihi, nimeweka. Ndiyo sababu hesabu, hata ingekuwa ndefu namna gani, isingeweza kuniandikia barua ile. Hesabu inaweza kukuambia kipi kitagharimu nini. Haiwezi kukubali kulipa kwa niaba yako.

Mtakatifu Teresa wa Avila, ambaye wachezaji wa sataranji wanamheshimu kama msimamizi wao, aliutumia mchezo huu kuwafundisha masista wake sala, katika maandishi ya kwanza ya kitabu chake cha Njia ya Ukamilifu. Anasema kipande kinachoweza kumfunga Mfalme wa mbinguni ni malkia, na malkia huyo ni unyenyekevu. Nilipolisoma wazo hilo nilicheka peke yangu maktaba. Miezi yote nilikuwa nacheza kana kwamba aliye upande wa pili anatafuta kuniangusha, na kumbe kwa Teresa yuko tayari kufungwa.

Niliandika barua siku ya Jumanne, baada ya Misa, kwenye meza yangu iliyo dirishani. Ilinichukua kama dakika 20. Nilikosea neno moja katika sentensi ya pili, nikalikata kwa mstari na kuandika sahihi juu yake, kisha nikaamua kutoianza upya. Gombera aliipokea, akaisoma, akaweka kidole pale nilipokata.

"Hapa ulikuwa unataka kuandika nini?"

"Niliandika 'nadhani', baba Gombera."

Akatikisa kichwa, akaikunja barua na kuitia kwenye bahasha.

Ada ya mdogo wangu bado hatujajua itatoka wapi. Tumeanza kuizungumza, mama, mjomba, baba mkubwa na mimi, kwa simu, kila Jumapili jioni. Na Jumamosi, wakati wa mapumziko, bado huwa nacheza na programu ile. Nikishasogeza kipande changu hukaa nikaitazama ikichora nyuzi zake, ikinidhania kila ubaya.